Kuziba Masikio ili Tusikie

Sony ya Japani ilipouza Walkman ya kwanza, Julai 1979, kijisanduku kile kilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea hedifoni. Kilikuwa pia na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka, na maikrofoni ndogo inakuletea masikioni maneno ya mwenzako. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona ni utovu wa adabu mtu kukaa na wenziwe huku akisikiliza peke yake. Wanunuzi hawakuona hivyo. Kila mtu alitaka yake, na katika matoleo yaliyofuata tundu la pili likaondolewa, na kitufe kikaenda nalo.

Ndugu wasomaji, kwa mtu wa pwani hoja ya Morita haihitaji maelezo. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya HMV, gramafoni ilikuwa mali ya mtu mmoja lakini sauti yake ilikuwa ya mtaa. Dirisha likiwa wazi, aliyeketi barazani alipata wimbo wake bila ya kutoa senti. Redio haikuibadili desturi hiyo, wala kaseti tuliyokua nayo sisi wa miaka ya sabini na themanini, ikirindima kwenye matatu za Mombasa na daladala za Dar es Salaam mtu apende asipende. (Na kusema kweli, mara nyingi hatukupenda.)

Leo panda basi lolote linalotoka Alum Rock kwenda katikati ya mji wa Birmingham uhesabu masikio yaliyo wazi. Ni machache. Lawama tumezisikia sana: vijana hawaamkii, ukimwita mtu kwa nyuma haitiki. Lawama hizo zina haki yake, lakini zinatupitisha mbali na swali ambalo sisi mafundi hulitazama kwanza, nalo ni hili: masikio yale yamezibwa kweli, au yamefunikwa tu? Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atakuwa bado anasikia akifika miaka sitini.

Hedifoni haikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alilipeleka jeshi la majini la nchi yake jozi alizoziunda jikoni kwake, nazo zikatumika kusikilizia ishara za redio zilizo hafifu. Muziki ulikuja kuzitwaa baadaye. Hedifoni za stirio za John Koss wa Milwaukee zilitoka mwaka 1958. Upande wa pili wa ukoo, ule wa kuziba sikio, ulitoka viwandani, na hapo historia inafika kwenye mtaa wetu wenyewe.

Alum Rock imezungukwa na viwanda vilivyonyamaza. Saltley paliundwa mabehewa ya reli tangu mwaka 1845, Adderley Park magari, na Washwood Heath magari ya LDV yaliendelea kutoka hadi mwaka 2008. Wazee wengi wenye asili ya Kashmiri tunaokutana nao kwenye maduka ya Barabara ya Alum Rock waliletwa Birmingham na kazi za namna hiyo: kusubu chuma, kufua vyuma kwa mashine, kuunga mabati. Wapo kati yao ambao ukiwasalimu hukuinamishia sikio moja. Madhara hayo hayakuwa siri. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi wa mabwela 100 na akawakuta wengi wao wanapata shida kufuata mazungumzo ya mkutano wa hadhara. Hata hivyo serikali ya Uingereza ilitoa kijitabu cha ushauri kuhusu kelele kazini mwaka 1963 tu, na kanuni kamili zikasubiri hadi 1989. Ukihesabu tangu Barr, ni zaidi ya miaka mia moja ya kujua bila ya kutenda.

Katika kipindi hicho kikapatikana kitu kidogo cha thamani kubwa: kizibo cha sponji, kile unachokifinya kwa vidole, ukakiingiza sikioni, kikajitanua taratibu mpaka kikakaza. Kilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kikikaa vizuri hupunguza kelele kwa desibeli 20 hadi 30. Kampuni ya Etymotic ya Illinois, ambayo mwasisi wake Mead Killion alitoka kwenye ufundi wa vifaa vya viziwi, ilipotoa visikilizio vyake vya ER-4 mwaka 1991, ilikipenyeza kispika kidogo ndani ya kizibo cha aina hiyo. Hapo pande mbili za ukoo zikaoana: kusikia cha mbali, na kuzuia cha karibu.

Lakini vilivyoenea duniani havikuwa hivyo. iPod ilipotoka mwaka 2001 ilikuja na visikilizio vyeupe vya plastiki ngumu, vinavyokaa mlangoni mwa sikio bila ya kuliziba, na maduka ya mitaani yakajaa vya kuiga. Ubaya wake hauko kwenye sauti inayotoka. Uko kwenye mngurumo wa basi unaoingia pembeni. Mtu akitaka kuushinda mngurumo huo hana njia ila kupandisha muziki.

Tufanye hesabu. Tuchukulie ndani ya basi mna desibeli 75. Ili muziki usikike vizuri juu yake, msikilizaji ataupeleka, tuseme, hadi 86. Shirika la Afya Duniani linamkubalia mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikizidi 3, muda hukatwa nusu. Kwa 83 zinabaki saa 20, kwa 86 zinabaki 10. Mwenye kusafiri saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, siku tano, amekwisha kuzimaliza kabla hajawasha chochote mwishoni mwa juma. Sasa mzibe masikio kwa kizibo kinachopunguza 20. Mngurumo unabaki 55, na muziki uleule utatosheka na 66, ambazo hata akisikiliza mchana kutwa hazimdhuru.

Zipo pia zinazoua kelele kwa umeme, kwa kutoa wimbi lililo kinyume na wimbi linaloingia. Fikra hiyo Mjerumani Paul Lueg aliiandikia hataza miaka ya thelathini, lakini ilisubiri hadi mwaka 1989, pale kampuni ya Bose ilipowauzia marubani hedifoni za namna hiyo. Zinafaa sana kwa mngurumo wa chini wa injini, wala si sana kwa mtoto anayelia kiti cha nyuma. Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo atafute kwanza kizibo kinachomkaa. Umeme ni nyongeza.

Na kukaa ndiko kwenye kazi, kwa sababu masikio hayafanani, hata ya mtu mmoja. Ndani ya boksi huwa mna vipira vya silikoni vya ukubwa mbalimbali, na watu wengi hutumia vile vilivyokuja vimevalishwa, basi. Vijaribu vyote. Vuta sikio juu kwa mkono wa pili huku unaingiza, kisha sikiliza wimbo wenye besi nzito. Besi ikiwa imetoweka, usiseme kifaa ni kibovu: mna upenyo, na besi ndiyo ya kwanza kuvuja. Sponji huziba kuliko silikoni lakini huchakaa, na inafaa ibadilishwe kila baada ya miezi michache. Mwenye sikio linalotoa usaha asitie chochote kabla ya kumwona daktari. Na unaposhuka basi, toa angalau kimoja. Madereva wa Barabara ya Alum Rock tunawajua.

Kuhusu bei, tuna neno kwa wapenzi wa taarabu ya zamani. Muuzaji atakusifia kifaa kinachofika hadi mawimbi 20,000 kwa sekunde na zaidi. Mashine za kurekodia za mwaka 1928 zilikuwa mbali sana na kiwango hicho, kwa hiyo mwenye kusikiliza Siti binti Saad hana sababu ya kulipia asichokuwa nacho kwenye santuri. Utulivu ndio utakaomfaa: mikwaruzo ya santuri ni sauti ndogo na ududu wa fidla nyuma yake ni sauti ndogo vilevile, na basi huvimeza vyote viwili.

Santuri zile zina jambo moja zaidi. Zilirekodiwa kwa njia moja, kabla ya stirio, kwa hiyo sikio la kulia na la kushoto hupata sauti ileile. Nyumbani, kusipokuwa na mngurumo wa kuzuia, mama anaweza kuchukua kimoja na mwanawe kingine, na hapana atakayepungukiwa na hata ala moja. Vipira tu vioshwe kwanza.