Gogo, Bati na Grafu

Saa nane mchana mwezi wa Februari, bati la nyumba kule Tseikuru au Kathonzweni halishikiki. Chini ya jua hilohilo kuna nyuki wanaolea majana, na majana hayataki mchezo: yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 36, usiku na mchana. Joto likizidi sana nta hulegea, masega hukatika na asali humwagika. Historia ya ufugaji nyuki Kitui na Makueni, kaunti za Ukambani nchini Kenya, ukiitazama vizuri, ni historia ya kupambana na joto hilo.

Mzinga wa kale wa Wakamba ni gogo. Fundi hulichimba kwa ndani, huziba ncha zote mbili kwa vibao vya duara, huacha matundu madogo ya nyuki kuingilia, kisha huutundika juu ya mbuyu au mgunga kwa kijiti chenye kulabu. Huko juu kuna kivuli na upepo, na nyegere hupata taabu kufika. Ukuta mnene wa gogo huchelewa kushika joto mchana na huchelewa kupoa alfajiri. Hesabu hiyo haikuandikwa popote; ilikaa mikononi mwa fundi.

Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, alieleza alama za umiliki ambazo Wakamba walitia kwenye mizinga yao. Ukipita msituni ulijua mara moja mzinga ni wa nani, na mwizi hakuwa na pa kujitetea. Asali ilitunzwa kwenye kithembe, pipa la mti lenye kifuniko cha ngozi, ikisubiri posa, mahari na vikao vya wazee, ambavyo bila pombe ya asali vilipwaya. Kurina ilikuwa kazi ya wanaume: usiku, kwa moshi na kamba.

Nyuki nao wana njia yao ya kujipoza. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Martin Lindauer aliweka mzinga juani kwenye uwanda wa mawe ya volkano karibu na Salerno, Italia. Nje joto lilifika nyuzi 60. Ndani, maadamu nyuki walikuwa na maji ya kuchota, lilibaki karibu na 36. Hupaka matone ya maji kwenye vitundu vya masega, kisha hupepea kwa mbawa hadi maji yageuke mvuke na kuondoka na joto.

Maadamu walikuwa na maji. Hapo ndipo Ukambani panapouma, kwa kuwa mto kama Tiva hukauka ukabaki mchanga mtupu. Maji yakiwa mbali na maua yakiwa yamekwisha, kundi zima hufunga safari. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, wafugaji wengi walibaki na mizinga mitupu.

Mizinga yenyewe ilikuwa imebadilika zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Canada, ilianza kueneza mzinga wa viunzi unaojulikana kwa herufi KTBH: sanduku lenye kuta zilizoinama, viunzi vya upana wa milimita 32 na kifuniko ambacho mara nyingi ni bati. Ulining'inizwa kwa waya, usawa wa kiuno, na wanawake wakaingia katika kazi ambayo urefu wa mti na mila vilikuwa vimewanyima. Hayo yalikuwa mapinduzi, wala si madogo. Baadaye ukaja mzinga wa fremu wa Langstroth, ambao taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe iliupigia debe Mwingi sambamba na kuwatafutia wafugaji soko la asali. Lakini mbao za masanduku haya ni nyembamba, na bati juani ni jiko. Ndiyo maana utaona mzinga wa kisasa umewekwa kivulini au umeezekwa nyasi, kana kwamba unaomba radhi kwa gogo.

Siku hizi ubishi huo wa gogo na sanduku unaweza kupimwa. Kihisi cha joto na unyevu huingizwa katikati ya masega, kingine hutundikwa nje kivulini, na namba zao humiminwa kwenye lahajedwali: safu ya saa, safu ya joto la ndani, la nje, na unyevu. Ukichora grafu, mstari wa nje hupanda na kushuka kila siku. Wa ndani, kundi likiwa na afya, hukaribia kunyooka. Ukiona wa ndani umeanza kuufuata wa nje, majana yamepungua au nyuki wameshakwenda zao, nawe umelijua hilo bila kufungua mzinga. Unyevu nao una habari zake: nyuki huipepea nekta mbichi hadi maji yake yashuke chini ya asilimia 20, na mvuke huo huacha alama kwenye mstari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, wameshafunga vihisi vya namna hii mizingani, pamoja na vinasa sauti.

Nyeri, hata hivyo, ni nchi ya baridi. Wanaogawa masanduku Kitui na Makueni waweke vihisi vilevile ndani ya gogo la jirani, kivuli kilekile, Februari ileile, kabla ya kumwambia mzee aliteremshe.