Fundi wa "njoo kesho" hajaanza leo

Fundi kakuzungusha wiki nzima, simu hapokei? Jipe moyo. Wafanyabiashara wa sufu wa Yorkshire, Uingereza, walilia kilio hichohicho karne ya 18.

Mambo yalikuwa hivi: tajiri hakuwa na kiwanda. Alinunua sufu, akaisambaza vijijini, wanawake wakasokota nyuzi majumbani, wafumaji wakafuma kitambaa hukohuko nyumbani. Malipo kwa kazi, si kwa siku. Bosi hayupo, saa ya kuingia hakuna. Basi wengi Jumatatu hawakugusa kazi, wakaipa hadi jina la utani, "Mtakatifu Jumatatu", halafu mwisho wa wiki wakakesha kufidia. Wengine walipunja urefu wa uzi. Wengine waliuza sufu ya tajiri kimyakimya.

Matajiri wakachoka. Mwaka 1777 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia wizi na udanganyifu kwenye kazi za sufu, na wakaguzi wakawekwa kuwasaka wadokozi.

Ila usimwangushie fundi jumba bovu peke yake. Ujira ulikuwa kiduchu, na wapo matajiri waliolipa kwa bidhaa badala ya pesa. Kila upande ulimwibia mwenzake kidogokidogo.

Mwisho wake? Viwanda vikaja. Wote chini ya paa moja, kengele ikilia uwe umeshafika. Hata yule mfumaji mwaminifu, aliyeleta kazi kwa wakati miaka yote, naye akapoteza uhuru wa kupanga siku yake.