Mbwa wa mwaka mmoja si mtoto

DESTURI ya kuzidisha umri wa mbwa kwa saba ili kuulinganisha na wa binadamu inapotosha. Mnamo 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliochunguza DNA ya mbwa aina ya Labrador, walikadiria kuwa mbwa wa mwaka mmoja analingana na mtu wa miaka 31, wa miaka minne na mtu wa 53, na wa miaka 12 na mtu wa 70 hivi.

Ndiyo maana katika michoro ya mtandaoni mstari wa umri hupanda kwa kasi, kisha ukalala. Kwa mfugaji wa Kisegi, Homa Bay, mwanzo huo ndio wenye uzito: jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka, na chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Kenya inalenga kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na maradhi hayo kufikia 2030.