Udhibiti wa maambukizi katika makao ya wazee (England)

Udhibiti wa maambukizi katika makao ya wazee ni utaratibu wa kuzuia magonjwa yasienee baina ya wakazi, wahudumu na wageni. Nchini England unafuata kanuni zenye vigezo 10, zilizotolewa chini ya sheria ya afya na huduma za jamii ya mwaka 2008.

Makao si hospitali: wazee hula pamoja na kuzungumza sebuleni, na kumtenga mtu chumbani kwake siku nyingi ni madhara mengine. Msumbufu mkubwa ni norovirusi, inayoleta kutapika na kuhara. Vitakasa mikono vyenye spiriti haviiwezi vyema. Dawa ni maji na sabuni. Mhudumu aliyeugua harudi kazini hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome.

Mwanzoni mwa janga la UVIKO-19, mwaka 2020, wagonjwa wengi walihamishwa kutoka hospitalini kwenda makaoni bila kupimwa. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa sera hiyo ilikiuka sheria, kwa kupuuza hatari ya walioambukizwa wasio na dalili. Sharti la wahudumu kuchanjwa, lililoanza tarehe 11 Novemba 2021, lilifutwa tarehe 15 Machi 2022.