Springi za kurekebishwa: Dereva wa Wamagana azingatie nini

Shokomzoba iliyozungukwa na springi, ambayo kimo chake hurekebishwa kwa spana na ugumu, mara nyingi, kwa kitasa, imetoka katika mashindano ya magari. Dereva wa Wamagana anayekusudia kuinunua hana budi kujiuliza kwanza gari litapita wapi. Lami laini ya uwanja wa mbio huvumilia springi ngumu na gari lililoshushwa. Barabara za changarawe na matuta ya Nyeri hayavumilii. Springi ikiwa ngumu mno, gurudumu huruka badala ya kushika ardhi, na breki hupungukiwa nguvu, hasa kwenye miteremko wakati wa mvua. Ndiyo maana magari ya Safari Rally, mashindano yaliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, huinuliwa. Vijana wengi hushusha, kwa ajili ya sura tu.

Fundi makini hupima kimo kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne. Huanza na ugumu wa kadiri, akigeuza jambo moja kwa mara na kuliandika, ili anayetoka uwanjani arudishe vipimo vya barabarani kabla ya kurejea nyumbani. Kimo kikibadilika, alaimenti nayo huharibika. Isipopimwa upya, tairi zitalika upande mmoja.