Mpaka wa Anwani: Historia Fupi ya Kutenga Kumbukumbu Linganifu katika Mifumo Endeshi Mbalimbali

Mwaka 1931 reli ya Benguela, itokayo bandari ya Lobito, iliunganishwa na reli ya Katanga huko Tenke. Tangu hapo behewa la shaba lililopakiwa nchini Kongo liliweza kufika Bahari ya Atlantiki bila kupakuliwa njiani, kwa kuwa reli zote mbili zilikuwa na upana wa milimita 1,067. Sandoa, iliyo kaskazini ya njia hiyo, haikupitiwa na reli. Aliyetaka kusafirisha mzigo kwa treni hakuwa na budi kuuteremsha kusini kwanza. Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti. Reli ya Kati ya Tanganyika, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000, ilhali TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067. Reli hizo zilipokutanishwa Kidatu mwaka 1998, mizigo ilibidi ihamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Tatizo la aina hiyo limo pia ndani ya kompyuta, nalo lina historia yake. Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya baiti, kila moja ikiwa na anwani yake. Prosesa haizisomi baiti hizo mojamoja tu, bali aghalabu kwa mafungu ya 4, 8, 16 au zaidi. Fungu likianzia kwenye anwani inayogawanyika sawasawa kwa ukubwa wake, husemwa kuwa ni linganifu. Likianzia penginepo, prosesa hulazimika kufanya kazi zaidi, au hugoma kabisa.

Mashine za IBM System/360, zilizotangazwa Aprili 1964, zilikuwa na msimamo mkali: neno lililowekwa nje ya mpaka wake lilisababisha hitilafu. Warithi wake, System/370, walilegeza sharti hilo. Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 nayo ilikubali anwani yoyote, ila ilitoza muda wa ziada pale neno lilipoanzia kwenye anwani witiri. Tofauti hizo zilizaa mtego. Programu iliyoandikwa kwenye mashine yenye huruma ilifanya kazi miaka mingi, kisha ikaanguka siku ya kwanza ilipohamishiwa kwenye mashine kali kama zile za SPARC. Kosa lilikuwamo tangu mwanzo, lakini hapakuwa na wa kulifichua.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, ilipunguza mzigo huo. Kiwango cha lugha hiyo cha mwaka 1989 kiliagiza kwamba amri ya malloc irejeshe anwani inayofaa kwa kitu chochote cha kawaida. Ahadi hiyo ilitosha hadi mwaka 1999, Intel ilipotoa Pentium III yenye maagizo ya SSE. Baadhi ya maagizo hayo yalidai mpaka wa baiti 16. Yale ya AVX, mwaka 2011, yalikuja na mafungu ya baiti 32. Neno "kawaida" sasa lilikuwa finyu.

Kila mfumo ulijitafutia dawa. SunOS ilikuwa na memalign. Kiwango cha POSIX kikaleta posix_memalign, ambayo Mac OS X iliipata mwaka 2009. Microsoft ikatoa _aligned_malloc. Mwaka 2011 kiwango kipya cha C kikaleta aligned_alloc, kwa matumaini ya kumaliza mzozo. Haukwisha. Kiwango kinataka kumbukumbu hiyo irudishwe kwa amri ileile ya free. Katika Windows, kumbukumbu iliyotengwa kwa _aligned_malloc sharti irudishwe kwa _aligned_free. Free ya mfumo huo haina njia ya kuitambua. Kwa sababu hiyo maktaba ya Microsoft haikuipokea aligned_alloc.

Waandishi wa programu waliotaka kuvuka mifumo yote walishika njia ya zamani. Tuseme zinahitajika baiti 100 kwenye mpaka wa 64, na kielekezi huchukua baiti 8. Huombwa baiti 171, yaani 100, na 63 za kusogezea, na 8 za kuhifadhia anwani ya asili. Mfumo ukitoa anwani 1000, hurukwa baiti 8 hadi 1008, kisha husogezwa hadi kigawe cha 64 kinachofuata, yaani 1024. Anwani 1000 huandikwa kwenye 1016, nyuma tu ya data. Wakati wa kurudisha, programu husoma hapo na kuukabidhi mfumo anwani ileile iliyotolewa. Baiti kadhaa hupotea, lakini mbinu hiyo haitegemei chochote ila malloc na free, ambazo zipo kila mahali.

Historia hii inaonyesha kwamba usanifishaji si kukubaliana jina tu. Mifumo yote iliafikiana kwamba anwani ilingane. Iliyotengana nayo ni namna ya kuirudisha. Anayerudisha kumbukumbu kwa amri isiyo yake huiharibu hifadhi nzima ya programu, na mara nyingi madhara hujitokeza mbali na kosa lenyewe, wakati ambapo kulitafuta ni kazi ya siku nyingi. Kwa vyuo vinavyofundishia kwa kompyuta za kila aina na kila umri, jambo hilo si la nadharia. Programu isiyovuka mifumo ni mzigo unaosubiri Kidatu.

Kobalti ya Kolwezi huingia katika betri za kompyuta za mkononi duniani kote. Mkoa wa Lualaba, ambao tangu mwaka 2015 umeijumuisha Sandoa, una haki ya kuzungumzia pia yanayotendeka ndani ya mashine hizo, na kuyazungumza kwa Kiswahili. Maneno anwani, mpaka, kutenga na kurudisha yamo katika lugha tangu zamani. Kilichobaki ni kuyapa kazi hii mpya kwa uthabiti, ili neno moja libebe maana moja kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam.