Kadi

Kiswahili kina maneno mawili ya ukoo mmoja: karata, lililoletwa na Wareno, na kadi, lililotoka kwenye Kiingereza. Karata limebaki mchezoni. Kadi limeenea kote: kadi ya harusi, kadi ya kliniki, kadi nyekundu uwanjani na, kwa wachuuzi na mafundi, kadi ya biashara.

Kahawa Wendani, mtaa ulio jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta kando ya barabara ya Thika, wapangaji wengi ni wanafunzi. Fundi viatu akiikata kadi yake kwa umbo la soli, au kinyozi akaichonga meno kama kitana, mpangaji mgeni hataitupa upesi. Nyuma iwe na nambari ya simu na ya kulipia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007.

Na kwa kuwa kadi sasa ni neno la Kiswahili, mafundi, ziandikeni kadi zenu kwa Kiswahili.